Mtoto Ananyonya Lakini Hatulii: Maswali ya Wasomaji

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka Kisumu, Nakuru na kaunti za magharibi, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: mtoto mchanga ananyonya, lakini hatulii. Tumechagua saba.

Mwanangu ana siku tisa. Mchana ananyonya na kulala, lakini ikifika saa kumi na mbili jioni anaanza kulia na hataki kutoka kwenye titi hadi saa tano usiku. Ananyonya dakika kumi, anasinzia, nikimlaza anaamka na kulia tena. Jioni matiti yangu huwa yamelegea kabisa. Mama mkwe anasema maziwa yamekwisha, na ameninunulia mkebe wa maziwa ya unga. Alizaliwa na kilo 3.2, juzi kliniki walimpima kilo 3.1. Nepi nabadilisha saba au nane kwa siku.
*Mama wa kifungua mimba, Nyalenda, Kisumu*

Mama, kabla hujafungua mkebe huo, tusome kwanza namba ulizotuandikia, maana jibu limo humo humo.

Karibu kila mtoto mchanga hupungua uzito siku za mwanzo. Kupoteza hadi asilimia 7 ni kawaida. Ikikaribia 10 ndipo wauguzi huanza kumfuatilia kwa karibu. Mtoto wa kilo 3.2 anaweza kushuka hadi karibu kilo 3 na asiwe na tatizo lolote, kisha uzito wa kuzaliwa hurudi kati ya siku ya 10 na ya 14. Wako, juzi alipopimwa, alikuwa amebakiza gramu 100 tu. Nepi zako zinasema hivyo hivyo: kuanzia siku ya tano mtoto anayeshiba hulowesha nepi sita au zaidi kwa saa 24, mkojo ukiwa mweupe. Wanaotumia pampasi hupata shida kujua kama imelowa. Chukua moja kavu, imwagie vijiko vitatu vya mezani vya maji, uishike mkononi. Pampasi iliyolowa huwa na uzito huo. Choo hukukitaja. Kwa umri wake kiwe laini, cha manjano ya bizari, chenye chembechembe, mara tatu au zaidi kwa siku. Kama bado ni cheusi, usisubiri tarehe ya kliniki, rudi kesho asubuhi.

Kwa hiyo maziwa yapo. Anachofanya mwanao jioni ni kunyonya mfululizo, na wachanga wengi hufanya hivyo, hasa wanapokaribia wiki ya pili au ya tatu na tena wiki ya sita. Titi laini si titi tupu. Maziwa hutengenezwa wakati wote, hata mtoto akiwa bado yuko titini; jioni hutoka kidogo kidogo, yakiwa na mafuta mengi zaidi. Na tumbo lenyewe ni dogo. Mwisho wa wiki ya kwanza mlo wake ni mililita 45 hadi 60, yaani kama kikombe kimoja cha kahawa chungu, na maziwa ya mama husagika upesi. Ndiyo maana mara 8 hadi 12 kwa siku ni hesabu ya kawaida, na hakuna sheria kwamba mara hizo zigawanywe sawasawa kati ya mchana na usiku.

Mkebe una hesabu yake. Mtoto akinywa mililita 60 za unga saa moja jioni atalala muda mrefu, na maziwa ambayo angeyanyonya yatabaki titini. Titi lisilokamuliwa hupata ujumbe kwamba limetengeneza kupita kiasi, likapunguza. Kesho jioni yatakuwa machache kweli, na kesho kutwa machache zaidi. Tumeona akina mama wengi wakipoteza maziwa kwa njia hii, nao hawakuwa na upungufu wowote mwanzoni.

Panga jioni kama kazi yenye zamu. Lala saa nane au tisa mchana mtoto anapolala. Kula kabla ya saa kumi na mbili, weka maji karibu, na mwombe mama mkwe achukue jikoni na wageni. Huo utakuwa msaada mkubwa kuliko mkebe. Kisha mpe titi la kwanza mpaka aliachie mwenyewe, mbeulishe, mpe la pili, urudie la kwanza. Anaposinzia mdomo ukiwa bado titini, usimwondoe haraka. Shika titi kwa kidole gumba upande mmoja na vidole vinne upande wa pili, mbali na chuchu, ulibane taratibu na kushikilia. Maziwa yatamwingia, ataanza tena kumeza. Akiacha kumeza, achilia. Akianza kusinzia tena, bana sehemu nyingine.

Lakini kubana hakusaidii kama hajashika titi vizuri, na hapa ndipo tunapoomba uangalie kwa makini, kwa sababu dakika kumi halafu usingizi mara nyingi ni dalili ya mtoto anayevuta chuchu tupu. Mpakate tumbo lake likigusa tumbo lako, sikio, bega na nyonga vikiwa mstari mmoja. Pua yake ielekee chuchu, si mdomo. Kiganja chako kikae kwenye mabega na shingo. Ukimsukuma kisogo atarudisha kichwa nyuma na kupigana nawe. Mguse mdomo wa juu kwa chuchu, ungoje afunue kinywa kama anayepiga miayo, halafu umlete yeye kwenye titi kwa mkupuo mmoja, kidevu kikitangulia. Usiinamie mtoto kumpelekea titi, mgongo wako utakwisha na yeye atapata ncha tu. Akiwa ameshika sawa, kidevu kimezama titini, pua iko huru, mdomo wa chini umekunjukia nje, na ule weusi wa titi unaonekana zaidi juu ya mdomo kuliko chini. Utaona anavuta haraka haraka mara chache, kisha pole pole na kwa kina, akimeza kila mvuto mmoja au miwili. Mashavu yakibonyea ndani, au ukisikia mlio wa kualika ulimi, anapoteza mshiko.

Maumivu ya sekunde chache mwanzoni husameheka siku hizi za kwanza. Yakiendelea, mtoe: ingiza kidole kidogo kilicho safi pembeni mwa mdomo mpaka ufizi uachie, uanze upya. Baada ya kunyonya, tazama chuchu yako. Itoke ya mviringo. Ikitoka imebanwa upande mmoja kama ncha ya lipstiki mpya, mshiko haukuwa mzuri, hata kama hukuumia.

Jambo la mwisho kwako: mtoto anayelia kwa nguvu hashushi ulimi wake apokee titi, huupandisha juu kaakaani. Ukimsukumia titi wakati huo mtagombana. Mvue nguo abaki na nepi, mweke wima kifuani mwako ngozi kwa ngozi, mfunike mgongo kwa leso, ungoje atulie. Kulia ni dalili ya mwisho ya njaa; kabla yake kulikuwa na kugeuzageuza kichwa, kufungua mdomo na kupeleka ngumi kinywani. Ukimwahi hapo, nusu ya vita vya jioni haitakuwepo.

Mpime tena siku ya 14. Asipokuwa amefika kilo 3.2, au nepi zikishuka chini ya sita, au mkojo ukiwa na rangi ya matofali, mwone muuguzi aangalie mtoto akinyonya, si kumpima tu. Hata hapo nyongeza ya kwanza ni maziwa yako mwenyewe uliyoyakamua kwa mkono, apewe kwa kikombe kidogo akiwa ameketishwa wima, maziwa yakiguswa tu na mdomo wa chini ayarambe. Usimmiminie.

Wangu ana wiki nne na ana kilo 4.6, alizaliwa na 3.4. Anaanza kunyonya vizuri, dakika moja baadaye anapaliwa, anakohoa, anajinyonganyonga na kuliachia titi huku maziwa yakimrukia usoni. Tumbo linanguruma, gesi nyingi, choo cha kijani chenye povu. Je, maziwa yangu ni mabaya?
*Mama wa Lanet, Nakuru*

Maziwa yako ni mazuri, ila yanatoka kwa kasi asiyoiweza. Uzito unathibitisha: kilo 1.2 kwa wiki nne ni zaidi ya gramu 40 kwa siku, wakati wengi hupanda 20 hadi 30. Anagugumia maziwa pamoja na hewa. Na kwa kuwa anashiba maziwa ya mwanzo yenye sukari nyingi kabla hajayafikia yale mazito ya mwishoni, sukari hiyo hupita tumboni haraka kuliko inavyoweza kusagwa, ikachacha na kutoa gesi, povu na rangi ya kijani.

Badilisha mlalo kwanza. Egemea nyuma kwenye mito, nusu ya kulala, umlaze mtoto juu yako kifudifudi akiwa anapanda titi kutoka chini. Maziwa yakipanda mlima hupungua kasi. Ukihisi ule msisimko wa maziwa kushuka, mtoe, uyaache yamwagike kwenye kitambaa nusu dakika hadi dakika moja, umrudishe. Usiyakamue mengi wala kutumia pampu ili “kupunguza”. Ukitoa zaidi, mwili hutengeneza zaidi.

Mnyonyeshe kabla njaa haijamkolea, kwa sababu mwenye njaa kali huvuta kwa nguvu. Na usimhamishe titi upesi. Kwa siku chache, kila anapotaka kunyonya ndani ya saa tatu mrudishe titi lile lile, kisha saa tatu zinazofuata lile jingine. Titi linalongoja likiuma, kamua kidogo tu, kiasi cha kupata nafuu. Mpango huu tunakupa wewe kwa sababu ya kilo 4.6. Mama ambaye mtoto wake haongezeki uzito asiuguse. Choo cha kijani kwa mtoto wa namna hiyo kina maana nyingine kabisa.

Mbeulishe katikati ya kunyonya, si mwisho tu. Mketishe pajani, kiganja kimoja kikishika kidevu na kifua, koo likiwa huru, umwinamishe mbele kidogo na kumpapasa mgongo kuelekea juu. Dakika tano zinatosha. Asipobeua, hakuna hewa ya kutoa. Kucheua maziwa kidogo kwa mtoto anayenenepa hivi ni ufuaji wa nguo tu.

Mke wangu amejifungua majuma matano yaliyopita. Usiku mtoto ameshanyonya, amebeua, nepi kavu, na bado analia saa nzima au mbili. Mke wangu amechoka mpaka analia naye. Mimi sina maziwa. Nafaa nini?
*Baba wa Bungoma*

Baba, unafaa sana, na kwa saa hiyo huenda unafaa kuliko mama. Mtoto aliyeshiba akipakatwa na mwenye harufu ya maziwa hutafuta titi tena, ananyonya asichohitaji, tumbo linajaa, analia upya. Kifua chako hakina kishawishi hicho.

Kwanza ujue ulipo. Kilio cha wachanga huanza kupanda wiki ya pili, hufika kileleni karibu wiki ya sita, hushuka kufikia mwezi wa tatu au wa nne. Mko karibu na kilele. Mtoto mwenye afya anayelia saa tatu au zaidi kwa siku, siku tatu au zaidi kwa wiki, ndiye anayeitwa mwenye msokoto wa tumbo, na mpaka leo hakuna aliyeonyesha sababu moja inayoueleza. Ndiyo maana tiba zake ni nyingi na zinazosaidia ni chache.

Mlaze kifudifudi juu ya mkono wako wa kushoto: shavu lake karibu na kiwiko, kifua kwenye mkono wa mbele, kiganja chako kikishika paja lake, mikono na miguu ikining'inia pande mbili. Mkono wa kulia umshikilie mgongoni. Tumbo lake litabanwa kidogo na joto la mkono wako. Sasa tembea, mwendo wa kawaida, sebuleni mpaka mlangoni na kurudi, bila kusimama. Watafiti wa taasisi ya RIKEN huko Japani walipima jambo hili na kuchapisha matokeo mwaka 2022: kumtembeza mtoto anayelia dakika tano mfululizo kuliwatuliza wengi na kuwalaza baadhi yao, na aliyelala akishikiliwa mtu ameketi dakika nyingine tano hadi nane kabla ya kulazwa, haamki kirahisi. Wengi wetu hukosea hapo. Akifumba macho tu tunamlaza, naye anaamka wakati mgongo unapoachana na mwili uliompakata. Keti naye kwanza.

Sauti husaidia ikiwa nzito na ya namna moja. Mvua kwenye mabati ni dawa, lakini hainyeshi kila usiku; mwimbie “shhh” ndefu karibu na sikio, sauti ikikaribia kilio chake kisha ishuke pamoja nacho. Redio au simu ikitumika iwe mbali naye, mwisho wa chumba, na chini.

Kumfunga leso huwasaidia wale ambao mikono yao huruka na kuwaamsha. Tandaza leso kama almasi, kunja pembe ya juu, mlaze mabega yakiwa kwenye mkunjo. Vuta upande mmoja juu ya mkono na kifua, ufutike chini ya mgongo. Kunja pembe ya chini kwa ulegevu. Malizia upande wa pili. Kifuani viingie vidole viwili. Nyonga na magoti viachwe huru vikunjike kama vya chura, kwa maana miguu iliyonyooshwa na kubanwa inaweza kuharibu viungo vya nyonga. Aliyefungwa hulala chali, kamwe si kifudifudi, na siku atakapoanza kujaribu kujigeuza leso inakoma. Wakati wowote kulala ni chali, godoro gumu, bila mto, ndani ya chandarua. Usisinzie naye kwenye kochi hata dakika moja.

Na kuna usiku ambao hakuna kati ya haya kitakachofua dafu. Ukihisi hasira inapanda, mlaze chali mahali salama, toka nje, pumua hewa dakika kumi, urudi. Kilio cha dakika kumi hakitamdhuru. Kutikiswa kutamdhuru: shingo yake haiwezi kuzuia kichwa, ubongo hugonga fuvu na mishipa ya damu hupasuka. Mwambie hivyo kila mtu atakayeachiwa mtoto huyo.

Sisi tulilea watoto wanane kwa maji ya uvuguvugu yenye sukari kidogo, manyasi (dawa za mitishamba) ya tumbo, na siku hizi hiyo Gripe Water ya dukani. Binti yangu ananikatalia vyote. Na wageni wakija, mjukuu huwa hakosi kulia usiku. Nasema ni jicho. Je, nimekosea?
*Nyanya wa Malava, Kakamega*

Nyanya, asante kwa kuuliza waziwazi. Tuanze na wageni, kwa sababu hapo macho yako yameona jambo la kweli. Mtoto aliyepita mikononi mwa watu sita, kila mmoja na harufu yake, sauti yake na kelele za kumchekea, huwa amechoka kuliko anavyoweza kubeba, na uchovu huo hutoka usiku kwa kilio. Desturi ya kumficha mchanga wiki za kwanza ilimsaidia, na pia ilimkinga na mafua ya watu. Tafadhali iendeleze. Wewe ndiwe unayeweza kumwambia mgeni “kesho” bila kuudhi mtu. Binti yako hawezi.

Maji ni jambo jingine. Maziwa ya mama ni karibu asilimia 87 maji, hivyo hata kwenye jua la Januari mtoto hana kiu ambayo titi haliwezi kuitoa. Vijiko vya maji hujaza tumbo lile dogo bila chakula, na huja na vijidudu vya mtungi na kijiko. Sukari humnyamazisha, ni kweli, kwa sababu utamu mdomoni hutuliza mchanga kwa dakika chache, na hiyo ndiyo siri kubwa ya chupa nyingi za dukani. Gripe Water ya kwanza ilitengenezwa na William Woodward huko Nottingham, Uingereza, mwaka 1851, na ilikuwa na pombe ndani yake. Sishangai watoto walilala. Za leo nyingi hazina pombe, lakini hakuna uthibitisho mzuri kwamba zinaondoa msokoto. Manyasi hayana kipimo: kinachomfaa mtu mzima kwa kikombe hatujui kinafanya nini kwenye ini la mtoto wa kilo nne. Asali ni marufuku kabisa kabla ya mwaka mmoja, inaweza kuwa na vijidudu vinavyomlegeza misuli mpaka ashindwe kupumua. Dawa za mafua zinazoleta usingizi, kina Piriton, zisimkaribie. Na yeyote atakayeshauri kimeo kikatwe kwa sababu ya kilio, mfukuze.

Kwa mama anayemeza ARV, yaani dawa za virusi vya UKIMWI, jambo hili lina uzito wa ziada. Miezi sita ya maziwa yake peke yake, pamoja na dawa zake na za mtoto alizopewa kliniki, ni salama kuliko kuchanganya, kwa kuwa maji, uji na maziwa mengine huchubua utumbo wa mchanga na kufungulia virusi njia.

Mikono yako tunaitaka. Pasha mafuta joto kiganjani, umkande tumbo kwa mduara unaofuata mwendo wa mishale ya saa, kuanzia kulia kwake kupita juu ya kitovu hadi kushoto, kisha umkunje magoti hadi tumboni mara tano sita. Kitovu kikiwa bado hakijadondoka, kiache kikavu, zunguka mbali nacho. Fanya hivyo katikati ya milo, si akiwa ametoka kunyonya.

Nimekatazwa maharagwe, kabichi, mrenda na njugu, eti vinampa mtoto gesi. Nimebaki na uji na chai.
*Mama wa Mbale, Vihiga*

Rudia chakula chako leo. Gesi ya maharagwe hutengenezwa na vijidudu ndani ya utumbo wako, na inaishia humo. Haina njia ya kuingia kwenye damu kama gesi na kufika titini. Cha kupunguza ni majani ya chai na kahawa kama unakunywa vikombe vingi kutwa, maana kafeini hupita kwenye maziwa na mchanga huchukua siku kadhaa kuitoa mwilini.

Kuna chakula kimoja ambacho mara chache huwa na hatia kweli, nacho hakuna anayekishuku: maziwa ya ng'ombe. Mtoto mwenye mzio nayo huwa na damu au makamasi kwenye choo, ukurutu usoni, matapishi mengi. Ukiona hayo, mwone daktari; huenda akakwambia uache maziwa wiki mbili hadi nne, na hapo hata yale ya kwenye chai, mala na siagi yanahesabika. Bila dalili hizo, usijinyime.

Mchana huku joto ni kali, lakini nyanya yake humvisha fulana, sweta, kofia ya sufu na shali mbili. Analia mpaka jasho linamtoka.
*Mama wa Ahero, Kisumu*

Umejijibu. Kipimo ni nguo moja zaidi ya uliyovaa wewe. Mchana wa Ahero fulana ya pamba na nepi vinatosha, na kofia ni ya nje kwenye upepo. Usimpime kwa mikono na nyayo, ambazo huwa baridi kwa wachanga wengi. Ingiza vidole nyuma ya shingo. Pakiwa na unyevu wa jasho, vua. Wa Molo na Njoro mambo ni kinyume usiku wa Julai, mvisheni na mlale naye ngozi kwa ngozi mkiwa macho, lakini jiko la makaa lisilale chumbani. Hewa yake ya sumu isiyo na harufu inaua nyumba nzima.

Nitajuaje kwamba kilio hiki ni cha ugonjwa?
*Mama wa Ugunja, Siaya*

Mvue nguo zote mahali penye mwanga na umkague kuanzia utosini hadi vidoleni. Utosi ukiwa umevimba akiwa hajalia, au umebonyea ndani, hiyo ni safari ya hospitali. Angalia mdomoni: utando mweupe usiofutika kwa kitambaa ni fangasi ya mdomoni, inauma akinyonya na ina dawa. Angalia kinena kama kuna uvimbe mgumu, na kitovu kama pembeni pamekuwa pekundu au panatoa usaha. Fungua soksi. Unywele wako au uzi wa soksi ya kufuma unaweza kujizungushia kidole cha mguu, ukakaza mpaka kidole kikavimba na kubadilika rangi, na mtoto atalia bila kitu chochote kumtuliza. Wavulana waangaliwe uume kwa sababu hiyo hiyo.

Kinachotutia hofu zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi miwili ni kilio dhaifu kuliko kilio kikubwa. Anayegoma titi milo miwili mfululizo, aliyelegea, asiyesogea mpaka aguswe au aamshwe, mwenye degedege, mwenye joto la kwapani la 37.5 au zaidi, au aliyepoa chini ya 35.5 hata akiwa amefunikwa, anayetapika kijani, ambaye tumbo limevimba na kukaza, au ambaye manjano yamefika viganjani na nyayoni: hao hawapiti kwa kemisti kununua dawa ya homa. Wanakwenda hospitali usiku huo huo.

Hesabu kupumua kwake akiwa ametulia. Inua fulana, tazama tumbo linavyopanda, weka saa ya simu dakika nzima, kwa kuwa wachanga hupumua haraka kisha husita. Ukipata 60 au zaidi, hesabu tena. Ikirudia 60, au ngozi ya chini ya mbavu ikivutwa ndani kila anapopumua, ondoka. Njiani mweke kifuani mwako ngozi kwa ngozi, umfunike, mpe titi kama anaweza kuvuta, na ubebe kijitabu cha kliniki, maana swali la kwanza utakaloulizwa ni uzito wake wa kuzaliwa.